Wadada, mtu asiyekujua akikuita "mama", "anti" au "mchumba" unajisikiaje?

kinondoni_shamba

Habari za jioni wakuu. Hili jambo nimekaa nalo muda, leo naomba tuliongee kistaarabu. Wanaume pia mnakaribishwa ila msije na zile za "mnapenda wenyewe".

Nina miaka 34, sijaolewa, sina mtoto, kazi yangu iko Posta. Sasa kuanzia natoka nyumbani mpaka narudi mi sijui naitwa nani. Bodaboda wa kijiweni kwetu wananiita sista. Konda ananiita anti, "anti sogea nyuma huko kweupe". Nikishuka Posta wauza miwani na chaja wananiita mrembo, mlinzi wa getini ananiita madam, na vijana wa field ofisini, wale wanachuo wanaokuja kujifunza kazi, wananiamkia shikamoo na kuniita mama. Jumamosi nikienda Kariakoo ndo usiseme kabisa, Mtaa wa Kongo pale mtu hajawahi kuniona tangu azaliwe ananiita mke wangu, mchumba, baby njoo uone dera, nikipita bila kusimama hapohapo nimeshakuwa "we bonge unajisikia nini". Yani ndoa imevunjika na wala sijui nilifunga lini.

Cha ajabu hiyo mchumba wala hainisumbui sana, najua jamaa anatafuta hela ya kula. Inayonikaa moyoni ni mama. Nikiitwa mama na kijana wa miaka 25 mwenye ndevu zake nafika nyumbani naenda kujitazama kwenye kioo. Alafu kuna kaka mmoja ofisini amenizidi umri mbali, mvi zimejaa, watoto wake wako sekondari, na hao hao vijana wa field wanamwita braza!

Kwahiyo swali langu, nyie wenzangu mnaitwaje huko njiani, ipi mnaipenda, ipi inawakera, na mkikereka mnasemaje manake mi huwa namezea tu.

ndege_ya_tandika

Umejipa presha bure dada'ngu. Mama ni heshima. Huku kwetu uswahilini mtoto wa kike wa miaka mitatu baba yake anamwita mama, "mama njoo ule", kwa sababu amerithi jina la bibi yake, na hakuna anayesema katoto kamezeeshwa. Mi nina 27 nauza chapati na maharage asubuhi, wateja wote wananiita mama, wengine umri wa baba yangu mzazi kabisa, "mama niongezee mchuzi", nami naongeza na maisha yanaenda. Ukiwa na sufuria mbele yako mjini hapa we ni mama tu hata kama umetoka kumaliza form four juzi.

Mi ninachokichukia ni ile psss psss. Mtu ana mdomo, ana ulimi, ana meno yote, ananiita kama anaita paka. Hiyo sigeuki hata kama nimedondosha hela.

konda_wa_zamani

Nimepiga ukonda Mbagala Rangi Tatu - Kariakoo, baadae Gongo la Mboto, ngoja niwape siri ya kazi.

Konda hana muda wa kufikiria. Gari imejaa, kuna mtu anashuka Mtongani, nyuma kuna mmoja anajifanya amelala hajatoa nauli na trafiki huyo hapo mbele. Inabidi umwite mtu kwa neno moja na asikasirike, maana abiria wa kike akikasirika anakutolea noti ya elfu kumi asubuhi asubuhi. Ukimwita mtu mzima dada anaona umemshusha, ukimwita dada mama amenuna mpaka mwisho wa ruti. Anti iko katikati hapo, haimuulizi mtu ameolewa au hajaolewa, ana miaka mingapi, haimtongozi. Ndo maana makonda wote wa Dar wanasema anti, hatujakaa kikao, kazi yenyewe imetufundisha.

Mama tulikuwa tunaitunza kwa kazi maalum. "Jamani mpisheni mama hapo" mtu ananyanyuka. Sema "mpisheni dada" uone, siti nzima wamepatwa na usingizi ghafla. Kwahiyo siku nyingine nakuita mama sio kwamba nimekuona mzee, nakutafutia pa kukaa, ukinisonya shauri yako utasimama mpaka Kariakoo.

Mama kijacho hiyo ndo usiguse kabisa mpaka uone kadi ya kliniki. Na bibi usiseme, hata kama ana mkongojo sema bi mkubwa. Ukiona umekwama kabisa ita nguo, "wa blauzi nyekundu nauli yako", nguo haina umri.

zamu_ya_usiku

Konda umenichekesha, nguo haina umri!

Mi ni daktari, hospitali siitaji. Koti ninalo, kipimo cha kusikilizia moyo kiko shingoni, kifuani nimeandikwa Dkt., mgonjwa ananiambia "sista naomba uniitie daktari". Mwenzangu wa zamu ni nesi wa kiume, yeye anaitwa dokta toka anaingia getini. Ndugu wa mgonjwa wanamfuata yeye, wanampa historia yote ya ugonjwa toka mgonjwa alivyokuwa mdogo, akimaliza kusikiliza anawageuzia kwangu, "haya muelezeni daktari", basi wanaanza upya na hawanitazami usoni. Wazee wala siwasumbui, mzee wa miaka 80 akiniita sista namwitikia vizuri tu. Kinachonichosha ni msomi mwenzangu, suti na laptop, namwambia mimi ndo daktari wako anasema "sawa sista, ila daktari mwenyewe anakuja saa ngapi".

Kuhusu mama nataka niongee taratibu kidogo maana ndugu yetu mwenye uzi amesema hana mtoto na watu wamepita juu juu.

Hospitali zetu kila mwanamke ni mama. Mama panda kitandani, mama kunja mguu, mama siku zako umeona lini mara ya mwisho. Ndo lugha ya kazi, tumeikuta hivyo, na wengi wanaipokea vizuri. Ila kaa pale kliniki ya wanawake waliokuja kutafuta mtoto. Mtu ameolewa miaka mingi, mkwe anamsema, mawifi wanamsema, mumewe ameanza kurudi usiku, amekusanya hela ya vipimo kwa kuunga unga, anafika mapokezi anaambiwa "mama kadi yako", maabara "mama mkono", kwangu "karibu mama". Wengine hawajali. Wengine unaona kabisa uso unavyobadilika. Na wodini aliyepoteza mimba asubuhi anaitwa mama na kila anayepita na dripu, kuna anayefarijika kwamba angalau hapa wamemtambua, na kuna anayejifunika shuka mpaka kichwani. Kwa kumtazama huwezi kujua yupi ni yupi.

Mgonjwa mmoja aliniambia, "daktari niite jina langu, hilo lingine sijalipata bado". Mi sasa nasoma faili kwanza, jina lake ndo linatangulia.

ndege_ya_tandika

Daktari pole kwa kazi, ila na jina nalo lina mambo yake. Mi ukiniita jina kavu kavu mbele za watu, we ni mdogo kwangu, nitaona umenivua nguo. Weka hata dada mbele.

zamu_ya_usiku

Ni kweli, huwa naweka dada au Bi kutegemea na mtu. Na kuna jingine hilo sikulisema, foleni za kliniki zetu zimejaa majirani. Ukipaza sauti jina lote la mtu na la baba yake, mtaa mzima umejua fulani alikuwa kliniki gani. Wapo wanaoniomba niseme mama tu ili wajifiche kwenye hiyo mama. Kwahiyo na mimi sina jibu moja.

kijana_wa_kongo

Sista zangu nimeona nimetajwa, naomba nijitetee.

Pale Kongo madera tunayouza wote tumechukua jumla kwenye maduka yale yale, rangi zile zile, bei tunapishana jero au buku. Kinachomtofautisha mtu na mtu ni mdomo. Ukisema "dada karibu" hageuki mtu maana toka ameingia Msimbazi ameitwa dada karibu mpaka masikio yameziba. Ukisema "mke wangu unanipita hivihivi, watoto wameshakula?" anacheka, akicheka amesimama, akisimama nusu ya biashara imeisha. Na msidanganyane humu, wamama watu wazima ndo wanaipenda kuliko wote, anakurudishia palepale "mume gani huachi hata hela ya mboga" mnacheka anaondoka na madera mawili. Kuna wengine wanakuja wananiulizia kabisa "mume wangu wa Kongo yuko wapi leo".

Mdada akivaa ushungi tunatumia ukhti, kwa heshima. Mwenye mtoto mgongoni ni mama. Akiongozana na mwanaume yeye hatumwiti kitu, tunaongea na jamaa, "bosi mchukulie shem hii itamkaa". Kila mtu na mlango wake.

Hayo ya bonge na cheupe ni ya wahuni wachache, wanatuharibia soko, mi sijawahi kumtukana mteja hata asiponunua maana kesho atapita tena.

kinondoni_shamba

Mkuu mdomo sina neno nao, una kipaji na mi ningecheka. Tatizo ni mkono. Ile mke wangu ya pale haiji peke yake, inakuja na mtu ameshanishika kiwiko, mwingine ameninyooshea nguo kifuani anapima kama itanitosha, sijamuomba. Nikimwambia niachie anasema "si mke wangu jamani". Sasa neno ndo limempa ruhusa ya mkono hapo au sio?

Na umejisema mwenyewe bila kujua, nikiwa na mwanaume mnapata adabu ghafla mnaniita shem na mnasimama mbali. Kaka yangu mdogo wa chuo, mwembamba vile, nikienda naye Kariakoo natembea kama kiongozi wa serikali. Kumbe mnajua kabisa kipi ni heshima, mnasubiri tu mwenye mali aonekane.

kijana_wa_kongo

Hapo kwenye mkono sina utetezi, mi sishiki mtu. Nalichukua hilo nitawaambia na masela wa meza ya jirani japo hawatanisikiliza.

mzee_wa_sinza

Wanawake mna shida. Mkiitwa mrembo mnanuna, msipoitwa mnaweka picha mnasubiri komenti. Tuwaiteje sasa, namba?

binti_wa_mzizima

Picha nimeweka mwenyewe kwa watu wangu mzee. Barabarani nimefuata sukari.

Na ngoja niwaonyeshe kitu kwa sababu humu kila mtu anaongelea mama na mrembo peke yake. Nyie wanaume mkipita barabarani mnaitwaje? Bosi. Chifu. Mkuu. Kiongozi. Kamanda. Mwamba. Mzee baba. Mshkaji hana hata nauli anaitwa tajiri. Yani mnagawiwa vyeo bure toka stendi mpaka baa. Sisi tunagawiwa undugu na urembo, aidha ni mama wa mtu, dada wa mtu, shem wa mtu, au mrembo wa huyo anayeita. Bodaboda siku moja aliniita bosi, "bosi twende wapi", jamani niliongeza na hela ya juu.

Ndo maana mi napenda humu jukwaani, kila mtu mkuu, hakuna anayejua mkuu amevaa sketi au suruali mpaka aseme mwenyewe.

bimkubwa_upanga

Watoto wangu, mi ni mtu mzima nimestaafu serikalini, ngoja nichangie kidogo maana mnaongea kama vile Dar imeanza na hawa wauza madera.

Wakati naanza kazi miaka ya sabini tulikuwa tunaitana ndugu. Ndugu karani, ndugu mkurugenzi, ndugu dereva. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilikuwa "binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", na baada ya Azimio la Arusha 1967 hilo neno likashuka mpaka maofisini na kwenye barua. Mi msichana mdogo nilikuwa ndugu sawasawa na bosi wangu mwenye kitambi. Sisemi hapakuwa na uhuni, ulikuwepo, tena mkubwa, ila mezani kwangu mtu alikuwa anaanza na "ndugu naomba unisaidie" na lile neno halikuwa linamuuliza mwanamke ana mume au hana. Vyama vingi vilipokuja waheshimiwa wakarudi, ndugu akabaki kwenye vikao vya chama na kwenye matangazo ya "ndugu wananchi" na "ndugu abiria".

Na hiyo bibi ambayo konda anaiogopa. Kila siku mnapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Yule mama alizaliwa 1926, alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar kwenye TANU mwaka 1955 alikuwa hajatimiza hata miaka 30, na jiji zima wanamwita Bibi na yeye amejaa tele. Wakati huo Bibi alikuwa mtu, sio ajuza. Leo nenda kamwite bibi msichana wa miaka 29 pale Mlimani City uone kama utarudi na meno. Maneno haya haya, watu ndo wamebadilika, mi nadhani tumeanza kuogopa uzee kuliko zamani na hiyo mama ya kinondoni_shamba inamuuma kwa sababu hiyo pia, asinikasirikie.

kinondoni_shamba

Sikasiriki bi mkubwa, shikamoo. Kuna ukweli hapo, kioo sijakificha. Ila ungeniita ndugu ningefurahi zaidi.

bimkubwa_upanga

Marahaba. Haya ndugu.

mitumba_ilala

Humu mnaongelea mnavyoitwa na wauzaji, sisi wauzaji wa kike tunavyoitwa na wateja na wanaume wenzetu wa sokoni hamjatugusa. Mi niko na mitumba Ilala. Mteja wa kiume anafika anashika nguo za ndani anauliza "na wewe mwenyewe bei gani". Wabebaji wanapita na mzigo wanakugonga makusudi wanasema "pisha toto". Ukijibu unaambiwa changudoa, ndo maana umeachika, na hapo mwanangu amekaa pembeni anafanya homuweki.

Kidogo kwetu ilipungua kulipokuja ile kampeni ya Mpe Riziki Si Matusi, ya hawa Equality for Growth, walizunguka masoko ya Ilala, wakafundisha wenzetu kina mama wakawa wasaidizi wa kisheria hapohapo sokoni. Ubao umebandikwa, viongozi wa soko wameelekezwa, mtu akitukana anaitwa ofisini. Wanaume wengi hawakuacha kwa sababu wameelewa, waliacha kwa sababu waliona mtu anashitakiwa na anaaibika mbele ya wateja wake. Mi hiyo inanitosha, sihitaji anielewe, nahitaji anyamaze nifanye biashara.

Mama, dada, anti, hayo yote niite tu ilimradi unaniita huku umeshika hela.

kanuni_ya_adhabu

Naongezea kwa mitumba_ilala. Sheria ipo siku nyingi. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana, ile maarufu kwa jina la SOSPA, ikaingiza kifungu cha 138D kwenye Kanuni ya Adhabu. Kumnyanyasa mtu kingono kwa maneno au kwa vitendo ni kosa, kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi laki 2 au vyote kwa pamoja. Laki mbili ya 1998 ilikuwa hela, sasa hivi wengine wanaimaliza baa siku moja.

Kabla hamjaanza kuniuliza, hapana, mtu akikuita mrembo ukampeleka polisi mtapoteza muda wote wawili. Lakini mtu anayekwambia "na wewe bei gani", anayekufuata mpaka kituoni akitaja maungo yako, anayekushika, huyo ni habari nyingine kabisa, na vituo vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda hapo moja kwa moja usianze kujieleza kaunta mbele ya kila mtu. Nenda na shahidi kama yupo. Kikwazo kikubwa ni huyo shahidi, watu wa Dar wakiambiwa twende kituoni wote wamekumbuka wana safari.

ukhti_wa_jumapili

Mi nichekeshe kidogo. Ni Mlutheri, kwaya kabisa. Nikiwa sijasuka najifunga ushungi naenda zangu sokoni. Siku hiyo mji mzima una adabu, ukhti karibu, asalaam aleykum, wananipunguzia bei, hakuna wa kunishika mkono. Nikisuka rasta mpya nakuwa pisi kali na bei inapanda. Mtu yule yule, sura ile ile, kitunguu kile kile.

mzee_wa_sinza

@ukhti_wa_jumapili hiyo sasa ni utapeli.

ukhti_wa_jumapili

Salamu naitikia vizuri na hela natoa, utapeli uko wapi mkuu?

field_mwaka_wa_pili

Shikamooni. Mi nipo field ofisi fulani mjini, sio kwa dada kinondoni_shamba nadhani, ila naweza kueleza upande wetu.

Sisi tukifika ofisini tunaogopa. Kitabu chetu cha field anasaini mtu wa pale, maksi anatoa mtu wa pale. Mwenzetu mmoja alimwita mama fulani dada, akajibiwa mbele ya ofisi nzima "dada yako yuko nyumbani kwenu", akaenda kukaa chooni. Toka siku hiyo tukakubaliana mwanamke yeyote aliyevaa kitenge cha kushona au mwenye ofisi yake ni mama na shikamoo juu, bora umzidishie kuliko umpunguzie. Hatuangalii sura kabisa, tunaangalia mlango una jina au hauna.

kinondoni_shamba

Ahaa. Kwahiyo mama yangu imetoka kwenye mlango. Na yule wa mvi mnayemwita braza mlango wake hauna jina? Yeye hamumuogopi?

field_mwaka_wa_pili

Kwetu yupo kama huyo, ni mkuu wa kitengo kabisa. Yeye alituambia mwenyewe siku tuliyoripoti, hata hatujakaa, akasema "hapa mtu asiniite mzee wala baba, mi ni braza". Tukashika hivyo hivyo. Akina madam hakuna hata mmoja aliyetuambia anapenda aitweje, wakichukia wananuna tu na sisi tunaanza kubahatisha.

ndege_ya_tandika

Jamani huyo braza nimempenda, anajijua. Haya mi nawaacha, nakanda unga saa hizi, kesho chapati jero jero atakayekuja aniite anavyotaka ila psss psss sihudumii.